Ngano ya mapema na ngano ya magunia: kuchagua mbegu na kupanga mbolea

Mbolea haiwezi kuigeuza mbegu ya siku 130 ikawa ya siku 100. Inaweza kuisogeza siku chache mbele au kuirudisha nyuma wiki nzima, basi. Siku za kukomaa zimo ndani ya mbegu na kwenye joto la shamba. Mbolea huamua suke likitoka litakuwa na punje ngapi na zitajaa kiasi gani. Kuanzia Narok na Uasin Gishu hadi Hanang na Makete, kosa ni lile lile: mtu ananunua mbegu ya muda mrefu kwa kuwa jirani alivuna nayo vizuri, halafu anaongeza mbolea akitumaini itakimbizana na mvua. Majani yanapendeza kweli kweli. Masuke yanachelewa, mvua inakata, na kombaini inavuna punje zilizosinyaa kama mbegu za mchicha.

Kosa la pili halionekani kwa urahisi, nalo ndilo linalokula magunia mengi zaidi. Mbegu ya muda mfupi huwekewa mbolea kwa ratiba ya mbegu ya muda mrefu. Tutalirudia hapo chini kwa sababu dawa yake ni wembe mmoja na dakika kumi.

Anza na mvua

Chukua karatasi uandike tarehe mbili: siku udongo unapokuwa na maji ya kutosha kupanda, na siku shamba linapokauka kabisa, pamoja na ile wiki moja au mbili udongo unapoendelea kushikilia maji baada ya mvua kukata. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushikilia zaidi, wa kichanga hushikilia kidogo. Tuseme mvua imeshika 15 Machi na maji yanaisha 15 Juni. Hizo ni siku 92. Kutoka suke kutoa maua hadi punje kujaa, kwenye nyanda za juu huchukua siku 35 hadi 45, na katika hizo, wiki tatu za kwanza ndizo zenye kiu kali. Mbegu ya siku 100 hapo inafaa, kwa sababu wiki yake ya mwisho inakauka tu wala haihitaji maji. Mbegu ya siku 125 itakuta kiangazi punje zikiwa bado maziwa.

Lakini mapema si sifa kila mahali. Uasin Gishu mvua hunyesha kuanzia Aprili na kuendelea hadi Septemba. Ukipanda mbegu ya muda mfupi mwanzoni mwa Mei, itakomaa Agosti katikati ya mvua na kuota ikiwa bado kwenye suke. Ndiyo maana huko watu hupanda kati ya mwisho wa Mei na Juni, wavune Oktoba na Novemba. Anayetaka kupanda mapema achague mbegu ndefu. Anayechelewa achague fupi. Tarehe ya kupanda na aina ya mbegu ni uamuzi mmoja, usiufanye mara mbili.

Siku zilizoandikwa kwenye mfuko wa mbegu

Siku 110 zilizoandikwa kwenye mfuko ni za shamba ilikojaribiwa mbegu hiyo, si za kwako. Ngano haihesabu siku, inahesabu joto. Jumlisha wastani wa joto la kila siku tangu kupanda, na mbegu ya muda wa kati itakomaa ikishakusanya takriban nyuzi 1,900. Shamba lenye wastani wa nyuzi 18 hufikisha hesabu hiyo kwa siku 106 hivi. Shamba lililo mita 600 juu zaidi huwa na baridi zaidi kwa nyuzi tatu na nusu hivi, kwa hiyo mbegu hiyo hiyo itachukua siku 131. Hakuna aliyekuuzia mbegu feki. Ni mlima tu.

Tofauti kati ya mbegu na mbegu hutokana na mambo matatu. La kwanza ni mahitaji ya baridi: ngano ya majira ya baridi ya Ulaya ukiipanda Afrika Mashariki hukaa kama nyasi, machipukizi (mashina ya pembeni) tele na suke hakuna, kwa sababu inangoja wiki kadhaa za baridi kali ambazo hazitafika. La pili ni urefu wa mchana. Kwetu karibu na ikweta mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, na mbegu iliyozoea kungoja mchana wa saa 15 au 16 huchelewa mno. Mbegu zinazotolewa na vituo vya utafiti vya hapa zimekwisha kuchujwa kwa haya mawili. Anayeleta mbegu ya mzungu mkobani ndiye anayeangukia hapo. La tatu ni uharaka wa asili: mbegu ya haraka hutoa majani machache kwenye shina kuu, saba au nane, kabla ya suke, ya taratibu hutoa tisa, kumi, au zaidi. Kila jani huhitaji nyuzi 100 hivi za joto lililokusanywa, yaani siku tano na nusu kwenye shamba la nyuzi 18. Majani mawili pungufu ni siku 11. Hapo ndipo siku zinapopungua, na hapo hapo ndipo magunia yanapopungua, kwa sababu majani machache ni machipukizi machache na mizizi mifupi zaidi.

Njoro, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 1927 na ambacho sasa kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, waliipa mbegu majina yanayosema kazi yake. Duma na Ngamia zilitolewa kwa ajili ya maeneo makavu, pamoja na Chozi: zinawahi na zinavumilia ukame, lakini ukizipa mvua nyingi na mbolea nyingi hazitakulipa kama mbegu ndefu. Kenya Fahari na Kwale ziko upande wa pili, za nyanda za juu zenye mvua ya kutosha. Katikati kuna Njoro BW II, Eagle 10, Kenya Korongo na nyingine. Tanzania, mbegu nyingi zina majina ya ndege, kama Mbayuwayu na Chiriku. Kwa zinazofaa eneo lako waulize TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania) Uyole au Selian kabla ya kumuuliza mwenye duka.

Kutu, ugonjwa wa ukungu wa ngano, nayo iingie kwenye hesabu ya siku. Kutu ya shina aina ya Ug99 iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na tangu hapo sifa ya mbegu kuvumilia kutu haidumu milele. Robin ilipotolewa ilisifiwa kwa kustahimili kutu ya shina. Haikupita miaka mingi kutu ikaizoea. Mbegu inayowahi hukwepa sehemu ya ugonjwa kwa kumaliza kujaza punje kabla kutu haijaenea. Mbegu inayochelewa, tena iliyojazwa naitrojeni ikabaki na majani mabichi, ni sahani iliyoandaliwa. Ukichagua mbegu ndefu, weka bajeti ya dawa ya ukungu kabla ya kuweka ya mbolea ya ziada.

Kiasi cha mbegu hubadilika kwa aina

"Kilo 50 kwa ekari" ni ya kuanzia tu. Punje hutofautiana uzito, na mbegu ya haraka, kwa kuwa haichipui sana, huhitaji mimea mingi zaidi. Hesabu punje 1,000, uzipime kwa mizani ya gramu, kisha:

kilo kwa hekta = mimea unayotaka kwa mita ya mraba × uzito wa punje 1,000 kwa gramu ÷ asilimia ya mbegu zitakazosimama shambani

Mbegu ndefu, mimea 220, punje 1,000 zenye gramu 40, asilimia 80 zinasimama: 220 × 40 ÷ 80 = kilo 110 kwa hekta, sawa na kilo 44 au 45 kwa ekari. Mbegu fupi lenga mimea 270: kilo 135 kwa hekta, karibu 55 kwa ekari. Mtu aliyehama kutoka mbegu ndefu kwenda fupi bila kugusa kipimo cha planta (mashine ya kupandia) atapata shamba lenye nafasi wazi. Magugu yatashukuru.

Kina kiwe sentimita 3 hadi 5. Mbegu nyingi za siku hizi ni fupi kwa kimo, na ufupi huo hufika hadi kwenye ala inayolinda chipukizi likipasua udongo. Ukizizika sentimita 8, nyingine zitatoka baada ya wiki nzima na nyingine hazitatoka. Shamba lililotoka kwa awamu hukomaa kwa awamu, na kombaini haingoji awamu. Watu wengi hulaumu mbegu "mchanganyiko" wakati kosa ni la planta.

Mbolea ya kupandia: fosforasi ndiyo inayowahisha

Kama kuna kirutubisho kinachoweza kweli kuleta suke mapema, ni fosforasi, na hapo ni pale tu udongo ulipokuwa na njaa nayo. Ngano yenye njaa ya fosforasi husimama wima, majani ya kijani kizito chenye zambarau kwenye ncha na kwenye shina, haichipui, na suke lake hutoka siku kadhaa nyuma ya jirani. Ukiirudishia fosforasi, zile siku zinarudi. Ukizidisha, haziongezeki.

Gunia la kilo 50 la DAP (18:46:0) lina kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Gunia moja kwa ekari ndilo linalotumika mashamba mengi na linatosha ngano nyingi. Liwekwe kwenye mstari, chini kidogo au kando ya mbegu. Fosforasi haitembei: ukiimwaga juu ya udongo mwekundu wenye asidi, udongo unaishika kabla mzizi haujaifikia. Na usivuke gunia moja na nusu ndani ya mstari mmoja na mbegu, hasa udongo ukiwa na unyevu haba, kwa sababu DAP huunguza chipukizi. Yurea usiiweke na mbegu kabisa.

Udongo wenye asidi, yaani pH chini ya 5.5, kama sehemu nyingi za Uasin Gishu, una shida nyingine: alumini huyeyuka na kukata ncha za mizizi. Chimbua mmea, ukikuta mizizi mifupi, minene, ya kahawia, isiyo na matawi, mbolea zaidi haitasaidia. Hapo ni chokaa, kwa kipimo cha maabara, ikichanganywa na udongo mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. DAP na yurea za miaka mingi bila chokaa ndizo zinazoongeza asidi hiyo.

Mbolea ya kukuzia: wembe badala ya kalenda

Mavuno ya ngano hupatikana kwa kuzidisha namba tatu: masuke kwa mita ya mraba, punje kwa suke, na uzito wa punje. Masuke 350 × punje 30 × gramu 0.038 ni gramu 399 kwa mita, yaani karibu tani 4 kwa hekta, au magunia 18 ya kilo 90 kwa ekari. Naitrojeni huathiri namba mbili za kwanza, na zote mbili huamuliwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Suke huanza kuundwa mmea ukiwa na majani manne au matano, likiwa bado chini ya usawa wa udongo, dogo kiasi cha kutoonekana bila kioo cha kukuzia. Mbolea ikifika suke likiwa limeshajipangia punje zake, itayakuza majani na kuichelewesha ngano. Punje haitaongeza.

Sasa angalia ratiba. Kwenye shamba la nyuzi 18, mbegu ya haraka huanza kurefusha shina siku 28 hadi 32 hivi baada ya kuota. Mbegu ndefu huanza siku 40 hadi 45. Ushauri wa "weka CAN wiki ya sita" (CAN ni mbolea ya naitrojeni ya kukuzia) ulitungwa kwa mbegu ndefu. Anayeufuata kwa Duma anaweka mbolea wiki mbili baada ya basi kuondoka, halafu anasema mbegu ya muda mfupi haina mazao.

Fanya hivi. Kuanzia siku ya 21 baada ya kuota, kila baada ya siku tatu, ng'oa mimea mitano kutoka sehemu tano za shamba. Usichague ya pembeni mwa njia. Vua machipukizi ubaki na shina kuu. Kata mizizi, kisha pasua shina kwa urefu kwa wembe kuanzia chini kwenda juu. Mwanzoni utaona tu vifundo vimebanana pale chini, na juu yake kikoni kidogo cheupe kama ncha ya sindano: hilo ndilo suke. Siku utakayokuta suke limepanda sentimita moja juu ya pale mizizi inapoanzia, na chini yake kuna uwazi mdogo ndani ya shina, dirisha limefika. Weka mbolea ndani ya siku tano. Ukipapasa shina kwa vidole ukahisi kifundo cha kwanza kigumu juu ya udongo, bado unaweza kuweka, ila umeshapoteza sehemu ya machipukizi. Ukihisi cha pili, tunashauri uokoe hela yako, isipokuwa unalenga protini.

Hali moja tu hubadilisha hayo: shamba la njano. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano kutoka kwenye ncha kwa umbo la V wakati mmea bado una majani matatu, usingoje wembe. Weka nusu ya mbolea sasa na nusu dirisha likifika.

Mbolea ya juu iwekwe siku ambayo mvua inakuja, si siku mvua imekuja. Kwa yurea hili ni lazima: ikikaa juu ya udongo wenye unyevu na jua kali hugeuka hewa na kupotea, zaidi kwenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, kama ule wa nyanda za Basotu. CAN haipotei hewani hivyo. Ni ghali zaidi kwa kila kilo ya naitrojeni, lakini kwa anayemwaga kwa mkono bila uhakika wa mvua huwa inajilipa.

Kiasi gani?

Gunia la CAN lina kilo 13 za naitrojeni, la yurea kilo 23. Ngano huchota takriban kilo 25 za naitrojeni kwa kila tani ya punje. Usichojua ni udongo wako unatoa kiasi gani, na njia rahisi ya kujua ni kuacha ukanda mmoja, upana wa planta, bila naitrojeni kabisa. Ukanda huo upande na TSP, mbolea ya fosforasi isiyo na naitrojeni. Ukipanda na DAP umeshautia kilo 9 na hesabu imeharibika.

Tuseme ukanda umetoa magunia 11 ya kilo 90 kwa ekari. Ni kilo 990 za punje, kwa hiyo udongo umetoa kilo 25 za naitrojeni. Msimu ujao una mbegu ndefu na mvua nzuri, unalenga magunia 18: kilo 1,620, zinahitaji kilo 40. Pengo ni kilo 15. Ngano haishiki mbolea yote; chukulia asilimia 60, kwa hiyo weka kilo 25. DAP itatoa 9, zinabaki 16, sawa na kilo 62 za CAN.

Shamba hilo hilo, mbegu ya haraka, mvua ya mashaka, lengo ni magunia 12. Yanahitaji kilo 27. Pengo ni kilo 2. DAP peke yake inamaliza kazi. Kuongeza CAN hapo ni kuotesha majani yatakayonywa maji ya punje: ngano itasimama kijani kibichi mwezi wa pili, itamaliza unyevu wa udongo kabla ya maua, kisha itakauka na punje nyembamba. Katika maeneo makavu naitrojeni nyingi hupunguza mavuno, si kwamba tu haiongezi. Wengi hawaamini hadi walione kwa macho yao.

Kwenye mvua nyingi madhara ni mengine: kuchelewa siku tano hadi saba, shina laini, na ngano kulala. Iliyolala kabla ya punje kujaa hupoteza uzito. Iliyolala baada ya hapo hupoteza kwa kombaini na kwa kuota.

Potasiamu kwa kawaida haina shida kwenye udongo wa volkano. Shaba ndiyo ya kuangaliwa, na Bonde la Ufa karibu na Nakuru na Njoro ina historia nayo. Dalili: ncha za majani machanga zinakuwa nyeupe na kujisokota kama uzi, masuke yanatoka kwa kuchelewa, yanabaki wima mepesi, na ukiyafikicha hayana kitu, kwa sababu chavua haikukomaa. Mbaya zaidi, naitrojeni huikuza njaa hiyo. Anayeona shamba limechelewa akaongeza CAN anajichimbia. Nyunyiza kopa oksikloridi ya asilimia 50, gramu 200 hadi 400 kwa ekari, machipukizi yakiwa yamekamilika, na rudia kabla shina halijavimba kwa suke. Baada ya suke kutoka hakuna kinachosaidia.

Iliyowahi na iliyokauka kwa njaa

Shamba linaweza kugeuka rangi ya dhahabu siku kumi kabla ya jirani na mwenyewe akalisifu, kumbe limekufa. Usipime uwahi kwa siku ya kukauka. Pima kwa siku ya suke: siku ambayo nusu ya mashina yametoa suke lote nje ya ala. Kama mashamba mawili ya mbegu moja yalitoa suke siku moja, na moja likakauka siku kumi kabla, hilo halikuwahi. Limekosa maji au naitrojeni, au limekatwa na kutu au ugonjwa wa mizizi. Uthibitisho uko kwenye punje: pima 1,000. Kama mbegu uliyopanda ilikuwa gramu 40 na uliyovuna ni gramu 28, umevuna makapi yenye haraka.

Ng'oa pia mmea. Ukikauka kwa njaa ya naitrojeni, majani huanza kufa kutoka chini kwenda juu, na jani la mwisho lililo chini ya suke hufa mwisho. Ugonjwa wa mizizi huleta masuke meupe mabaka mabaka, na shina la chini huwa jeusi ukivua ala.

Jaribio dogo shambani

Mbegu mbili, viwango vitatu vya CAN (hakuna, gunia moja, magunia mawili kwa ekari), marudio matatu: viwanja 18 vya mita 4 kwa 5. Kila kiwanja kina mita 20 za mraba. Gunia moja kwa ekari ni gramu 247 kwa kiwanja. Mawili ni gramu 494. TSP gramu 247 kwa kila kiwanja. Kwa mistari ya sentimita 20 utapata mistari 20 ya mita 5, na kwa kilo 110 kwa hekta kila mstari unachukua gramu 11 za mbegu. Pima mstari mmoja mmoja ukiweka kwenye bahasha. Ukimwaga kwa macho mistari ya mwisho hukosa. Badilisha mpangilio wa viwanja kila rudio, ili mteremko usiipendelee mbegu moja.

CAN iweke kwa kila mbegu siku yake ya wembe, si siku moja kwa zote. Ukiziweka siku moja, unapima kosa lako, hupimi mbegu.

Andika siku ya suke kwa kupita kila baada ya siku moja, na siku ya kukomaa, yaani nusu ya vikonyo vilivyo chini ya suke vimepoteza kijani. Vuna mita 3 kwa 4 za katikati, uache nusu mita kila upande, kwa sababu mimea ya pembeni hula kwa watu wawili. Pura, pima uzito na unyevu, kisha urekebishe hadi asilimia 13. Kilo 5.2 zenye unyevu wa asilimia 17: 5.2 × 83 ÷ 87 = kilo 4.96. Gawa kwa 12, zidisha kwa 4,047: kilo 1,673 kwa ekari, magunia 18 na nusu.

Utakachoona, kwa kawaida, ni kwamba siku za suke hazisogei sana kati ya viwango vya CAN, siku za kukomaa zinasogea kidogo, na magunia yanatofautiana sana. Halafu linganisha gunia la pili la CAN limeongeza kilo ngapi kwa mbegu fupi na ngapi kwa ndefu, uzidishe kwa bei ya ngano siku hiyo, uone kama limelipa bei yake.

Siku za mwisho

Shamba linalowahi peke yake kijijini huwaita kwelea kwelea wote. Panda mbegu ya haraka pamoja na majirani, au panga watu wa kuamia tangu punje zikiwa maziwa. Panga mapema pia na mwenye kombaini: mashine hufuata mashamba mengi, na shamba moja lililokomaa wiki mbili kabla hungoja.

Punje ikigongwa na jino ikavunjika kwa mlio, unyevu umeshuka karibu asilimia 14 na unaweza kuvuna. Mvua ikitishia, vuna ikiwa asilimia 18 hadi 20 na uianike mara moja, unene usiozidi sentimita 5 kwenye turubai, ukigeuza kila saa. Mbegu za punje nyeupe huota kwenye suke haraka kuliko nyekundu, kwa hiyo ukiwa na zote mbili, kombaini ianze na nyeupe.